Kamera Yenye Ila

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu, twaulizwa na vijana wa Malindi ambao riziki yao i katika kupiga picha za harusi na za wageni wa pwani: mtu akinunua kamera mpya kisha akaiona ina ila, haki yake ni ipi? Twajibu kuwa haki ipo, nayo ina masharti.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tuyafuatayo hapa pwani, mnunuzi akigundua ila ipunguzayo thamani ya kitu, iliyokuwamo kabla hajakabidhiwa, ana hiari ya kukirudisha na kurudishiwa fedha zake. Lakini Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kuwa kurudisha huko hutakiwa upesi. Aijuaye ila kisha akaendelea kukitumia kitu bila udhuru, amekiridhia. Basi aliyengoja hata akamaliza harusi tatu, asiseme amedhulumiwa.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 champa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora ufaao, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Kwa hiyo, itunzeni risiti pamoja na karatasi ya dhamana, wala msione haya kudai.

Kudai kwa haki huzaa matunda. Kamera ya Nikon D600 ilitoka mwaka 2012, na wengi wakalalamika kuwa yatia madoa katika picha. Mwaka 2014 kiwanda kikatangaza kuwa kitazikagua na kuzisafisha kamera hizo, na kubadilisha kipande kifunguacho na kufunga mwanga, bila malipo, hata kama muda wa dhamana umekwisha.

Nawe muuzaji, kumbuka kuwa Mtume alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta majimaji chini. Mwenyewe alipotoa udhuru wa mvua, aliulizwa mbona hakuuweka unyevu juu watu wauone. Na Mtume akabainisha kuwa mdanganyifu si katika wafuasi wake.

Hukumu hiyo yamhusu mnunuzi pia. Wako waangushao kamera mchangani, au ikaingia maji ya chumvi, wakaifuta vizuri, kisha wakaipeleka kwa wakala wakiapa kuwa ilitoka dukani vile vile. Hiyo ni kula mali ya mtu kwa batili. Kiwanda kuwa mbali, au mwenyewe kutokuwa Muislamu, si ruhusa ya kumwibia. Dhamana ni ahadi juu ya kosa la mtengenezaji, si juu ya uzembe wetu.

Tudai kilicho chetu kwa ukweli, na kisicho chetu tukiache. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na ndimi za kweli. Amin.