Habari ya Yosafati na Buddha
Somo: 1 Wathesalonike 5:21

Ndugu wapenzi katika Bwana, na hasa ninyi walimu wa sharika: vijana wetu husoma ya kwamba imani ya Kristo ina mambo yaliyotoka kwa Wabuddha, nao huja kutuuliza. Tuwajibuje? Mtume Paulo hakutuamuru kuogopa, bali kupima.

Karne nyingi Wakristo wa Ulaya waliipenda habari ya Yosafati, mwana wa mfalme wa Bara Hindi. Baba yake alimfungia katika jumba la anasa, asione ugonjwa, uzee wala mauti. Walakini aliyaona, moyo wake ukafadhaika; ndipo mtawa Barlaamu akamfundisha Injili, naye akauacha ufalme. Kanisa la Roma lilimwekea ukumbusho, tarehe 27 Novemba.

Hata mwaka 1859 na 1860 wenye elimu wawili, Laboulaye wa Ufaransa na Liebrecht wa Ujerumani, wakaonyesha ya kuwa habari hii asili yake ni maisha ya Buddha. Ilipita kwa Waarabu, na Wajojia, na Wayunani, hata ikafika kwa Kilatini. Jina lenyewe latoka katika cheo cha Buddha, Bodhisattva. Waarabu waliandika Budhasaf. Nanyi mjuao herufi zao mwajua ya kuwa ba ina nukta moja chini, na ya ina mbili. Kwa nukta moja akawa Yudhasaf, mwisho Yosafati.

Je, tumepotewa na nini? Na hadithi tu, Mwokozi yupo.

Tena pimeni na neno la pili. Mwaka 1894 Notovitch, Mrusi, alitoa kitabu akidai ya kwamba Yesu alijifunza kwa Wabuddha, na kwamba yeye alisomewa hati za habari hiyo katika nyumba ya watawa ya Hemis, huko Ladakh. Mwaka 1895 mwalimu Douglas alikwenda Hemis kuuliza. Mkuu wa watawa akakana kabisa.

Basi kipimo ni kimoja. Lililothibitika tulikubali, lijapotuondolea hadithi tuliyoipenda. La uongo tulikatae.

Msimwambie kijana asiulize. Afichwaye maswali ni kama yule mwana wa mfalme jumbani: siku moja atatoka, atayaona, wala hapana mwalimu karibu naye. Ketini naye, mpime pamoja. Kristo aliyesulibiwa zamani za Pontio Pilato, akafufuka, ndiye msingi wetu. Naye haogopi kuchunguzwa.

Bwana awape roho ya kupambanua. Amina.