Mahali pa Furaha Panapokufa, Nani wa Kulaumiwa?



Safari hii twaomba radhi kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine wataona halina nafasi katika gazeti la kanisa. Twataka kusema juu ya sinema. Hatusemi juu ya picha zenyewe, bali juu ya mahali watu walipokusanyika kuzitazama, na jinsi mahali hapo palivyokufa. Ndani ya habari hiyo limo swali linalotugusa sote: kitu kilichopendwa na wengi kinapopotea, nani wa kulaumiwa?

Waliopata kuishi Dar es Salaam zamani, au waliosafiri kutoka kwetu Dodoma kwa treni kwenda kusalimia ndugu, hawajaisahau Drive-In ya Msasani. Ilifunguliwa mwaka 1966. Watu waliegesha magari yao uwanjani mbele ya ukuta mkubwa mweupe, chini ya nyota, wakatazama picha wakiwa wamekaa na jamaa zao. Jumapili jioni, ilipoonyeshwa picha ya Kihindi, zilikwenda familia nzima: bibi na wajukuu, mikeka na vyombo vya chakula. Wengine walijazana katika gari moja kama dagaa. Wengi hawakujua neno moja la Kihindi, lakini walilia mama wa kwenye picha alipolia, na njiani kurudi walijaribu kuimba nyimbo zake.

Leo Drive-In haipo. Baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi mpya ulijengwa katika uwanja huo huo, ukafunguliwa mwaka 2003. Mahali watu walipoingia kwa kicheko sasa pana kuta ndefu na walinzi. Unguja nako jumba la Royal lilifunguliwa mwaka 1921, likaungua, na mahali pake likajengwa jumba la Majestic mwaka 1955. Nalo lilikaa miaka mingi likichakaa. Miji ya Bara ina habari kama hizo. Jumba moja limekuwa ghala, jingine duka, na mengine, tusisahau, yamekuwa makanisa.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Las Vegas, Marekani, mwaka 1993 ilifunguliwa bustani kubwa ya michezo iliyojengwa kwa mfano wa mitaa ya kwenye sinema. Fedha haikukosekana, na watu walikuja. Hata hivyo, kabla miaka kumi haijatimia, bustani hiyo ilikuwa imekwisha. Basi tusiseme kwamba vitu hufa kwa sababu ya umaskini tu.

Turudi kwenye swali letu. Tukimtafuta mwuaji wa sinema zetu, tutamkamata nani?

Wengine watasema ni Serikali. Ni kweli kwamba mwaka 1971 majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa, na baadhi ya majumba ya sinema yalikuwamo. Lakini waliofanya hivyo walikuwa na shabaha yao: hawakutaka wachache wamiliki miji na wengi wabaki wapangaji. Wengine watasema ni uhaba wa fedha za kigeni, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Ni kweli pia. Lakini nchi isipokuwa na fedha ya kununua dawa na mafuta, nani atathubutu kudai inunue kwanza picha za sinema? Kulikuwa na kipindi ambapo magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia mchana, ili kuokoa mafuta. Amri hiyo ilikuwa ya busara, nayo iliibana Drive-In siku yake kubwa kuliko zote.

Halafu ikaja video, miaka ya 1980. Mtu mwenye video aliwaita majirani sebuleni kwake. Kuna ubaya gani katika kukaribisha jirani? Mwaka 1994 vituo vya televisheni vya watu binafsi vikaanza Bara, na baba akasema, "Leo tubaki nyumbani." Je, baba anayebaki nyumbani na watoto wake ametenda dhambi?

Mwaona, ndugu zetu, mambo yalivyo. Tukiwaita mashahidi mmoja mmoja, kila mmoja ana sababu nzuri. Hakuna aliyekusudia kuua. Hata hivyo maiti ipo mbele yetu. Tumezoea kusema haba na haba hujaza kibaba. Yafaa tukumbuke kwamba haba na haba pia hukimaliza. Mtu mmoja akikosa jioni moja, hakuna kitu. Watu mia tano wakikosa jioni hiyo hiyo, kila mmoja akidhani wenzake wapo, taa huzimwa.

Ndiyo sababu twaona kwamba swali la "nani wa kulaumiwa" halitatufikisha mbali likiulizwa kwa namna ya mahakama. Mahakama humtafuta mtu mmoja. Lakini mema mengi tuliyo nayo pamoja, kama kisima, njia, kwaya, au uwanja wa kuchezea, hayana mwenyewe mmoja, na kwa hiyo hayana mwuaji mmoja. Yanaishi kwa kuhudhuriwa, na yanakufa kwa kuachwa. Afadhali kila mmoja ajiulize, "Nilipopapenda mahali pale, nilipapenda kwa mdomo au kwa miguu?" Wengi wanaoikumbuka Drive-In kwa machozi ndio hao hao walioacha kwenda miaka mingi kabla haijafungwa.

Na sisi watu wa kanisa tuna hesabu yetu ya kutoa. Wengine watashangaa kusikia kwamba wamisionari walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuthamini sinema katika nchi hii. Mwaka 1935 hadi 1937 Baraza la Kimataifa la Misioni lilikuwa na kazi ya kutengeneza picha huko Vugiri, katika milima ya Usambara, na lori lilizunguka Tanganyika na nchi za jirani likiwaonyesha watu picha hizo za mafundisho. Lakini baadaye, katika mitaa mingi, lililosikika mimbarini ni onyo tu: vijana wasiende sinema, huko kuna sigara, wizi wa mfukoni na mapenzi ya kuigiza. Hatusemi onyo hilo lilikuwa la bure. Palikuwa na maovu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: palikuwa pia na watu wa dini zote na makabila yote waliokaa safu moja gizani, wakacheka jambo moja kwa wakati mmoja. Si kila siku tunalipata jambo hilo.

Majumba yale yalipofungwa, baadhi yetu tulishukuru. Lakini Bwana Yesu alitoa mfano wa nyumba iliyofagiwa na kuachwa tupu, na jinsi pepo alivyorudi akiwa na wenzake saba wabaya kuliko yeye. Vijana hawakurudi nyumbani kusoma Biblia. Walikwenda kwenye vibanda vya video vya giza, mahali ambapo hakuna bibi wala mkeka, na mtoto wa miaka tisa hutazama asiyopaswa kutazama hata mzee. Siku hizi hata kibanda si lazima. Kila mmoja ana simu yake mfukoni na anacheka peke yake. Tuliondoa, lakini hatukuweka.

Hivi karibuni mwalimu wetu mmoja wa Shule ya Jumapili aliwauliza watoto wataje mahali ambapo mtoto Mkristo hapaswi kwenda. Mikono ikainuka kila upande, wakataja mpaka ubao ukajaa. Kisha akawaambia wataje mahali wanapoweza kwenda kufurahi. Pakawa kimya. Mmoja akasema "kanisani", mwingine "shuleni". Mwishoni msichana mdogo akasema, "Bombani, kama foleni ni ndefu." Kwa kuwa foleni ikiwa ndefu, wanapata nafasi ya kucheza. Mwalimu alitueleza habari hiyo akicheka, lakini sisi hatukuweza kucheka.

Sasa tunafika mahali ambapo swali hili linatuhusu sisi wenyewe, wala si Dar es Salaam wala Marekani. Mji wetu unakua upesi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 765,000 katika Jiji la Dodoma, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwetu mwaka 2016 kila kipande cha ardhi kina bei. Sisi tuna uwanja nyuma ya kanisa, ule wenye mikwaju miwili, ambapo watoto wa mtaa mzima hucheza mpira jioni. Wa kwetu, wa Katoliki na wa Kiislamu. Kama mjuavyo, limeletwa wazo kwamba tujenge hapo fremu za maduka tuzipangishe. Walioleta wazo hilo si watu wabaya. Paa la kanisa linavuja, na mshahara wa mwinjilisti hucheleweshwa. Sababu zao ni nzuri, kama zilivyokuwa nzuri sababu zote tulizozitaja hapo juu.

Hatuandiki ili kuamua kabla ya mkutano. Paa nalo ni haki. Ila twaomba jambo moja: tusiamue kana kwamba uwanja ule ni mtupu. Si mtupu. Nabii Zekaria alipoonyeshwa mji ambao Mungu amerudi kukaa ndani yake, aliona wazee wameketi njiani na fimbo zao mkononi, na wavulana na wasichana wakicheza katika njia za mji. Hakuona maduka, ingawa bila shaka yalikuwapo. Kama mchezo wa watoto ni alama ya kwamba Mungu yuko mjini, basi uwanja ule una mpangaji tayari, ingawa halipi kodi.

Na tukiamua kuuacha uwanja, tujue kwamba kuuacha tu hakutoshi. Miiba ya mbigili itang'olewa na nani? Nani atakaa pale jioni, kama bibi wa Drive-In na mkeka wake, ili watoto wacheze wakijua wanatazamwa? Tukisema "tunaupenda uwanja" kisha tukabaki nyumbani, miaka kumi haitapita kabla haujafa, hata bila fremu moja kujengwa.

Mkutano wa waumini utakuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada ya pili. Twawasihi mje wote. Na yeyote aliye na nafasi, kabla ya siku hiyo, apite uwanjani saa kumi na moja jioni, akae kidogo chini ya mkwaju, atazame.