Uso Mmoja Hautoshi

Ndugu zangu, mwombe mtu wa Mbarara asiyefuatilia anime, yaani katuni za Kijapani, akutajie mhusika mmoja tu. Huenda akasema Goku au Pikachu. Je, kujulikana ndiko kuwakilisha?

Mwaka 2008 Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani ilimteua Doraemon kuwa balozi wa anime. Ni paka roboti anayemsaidia Nobita, mtoto mzembe anayeonewa na wenzake. Goku anamshinda kwa nguvu, lakini naona balozi hupimwa kwa tabia.

Hata hivyo, balozi mwema hatoshi kuieleza sanaa nzima, wala mbaya hatoshi kuihukumu. Mwaka 2001 wanazuoni wa Saudi Arabia waliharamisha mchezo wa Pokémon, wakitaja kamari. Wapo kwetu wanaoibebesha kila katuni ya Kijapani hukumu hiyo, hata hadithi ya Naruto, yatima aliyetengwa na kijiji chake kwa kosa asilolitenda.

Sisi hulalamika Uislamu unapohukumiwa kwa kitendo cha mtu mmoja. Nakivale wanaishi Wakongo, Wasomali, Warundi na Wanyarwanda. Akikosea mmoja, hulaumiwa wakimbizi wote. Basi mizani iwe ileile. Suratul Maida, aya ya 8, inatuamrisha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia, sembuse kwa kazi tusizozijua? Kila hadithi ipimwe kwa yaliyomo ndani yake.

Nawe uingiapo darasani, kumbuka kuna atakayeujua Uislamu kwa kukuona wewe tu. Wallahu a'alam.