Tunayowasemea Wakatoliki na Wao Hawayasemi

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote; na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Limeletwa katika darsa yetu suali ambalo tumeona yafaa jawabu yake iwafikie ndugu zetu wote wa Amu na Pate, Siyu na Faza, na walioko Mombasa na kwengineko. Suali lenyewe ni hili: Je, yafaa kumsema Mkatoliki kwa itikadi ambayo yeye mwenyewe haikubali, maadamu makusudio yetu ni kuwaepusha vijana wetu na dini yake?

Jawabu yetu ni kwamba haifai. Wala hatusemi hivi kwa kupunguza hata chembe ya tauhidi. Sisi twashuhudia kwamba Mwenyezi Mungu ni Mmoja, hana mshirika wala mwana, na kwamba Nabii Isa ni mja wake na Mtume wake. Atakayedhani kuwa twataka kuzichanganya dini mbili hatukutufahamu. Tunalolizungumza hapa ni uadilifu wa ulimi, na uadilifu huo ni faradhi juu yetu, ampendeze mtu yule tunayemtaja au asimpendeze.

Wazee wetu hawakuanza kuwa na shaka na Wakatoliki bure. Mreno alipofika pwani hii alikuja na msalaba na mzinga katika marikebu moja. Mwaka 1506 jeshi la Tristão da Cunha liliupora mji wa Oja. Watu wa Amu wakakubali kutoa kodi ili wasalimike. Kisha Barawa nayo ikaporwa na kutiwa moto. Mwaka 1587 ikawa zamu ya Faza: mfalme wake aliuawa, watu wengi wakauawa pamoja naye, na hata minazi ikakatwa. Tazameni neno letu gereza. Wajuzi wa lugha wanasema asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Mtu aliyelijua kanisa kwa sura ya boma lenye mizinga hakupata nafasi ya kuuliza kwa utulivu wenye kanisa hilo wanaamini nini.

Na Wakatoliki nao wana kumbukumbu yao. Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa, alipelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa shirika la Augustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala. Mwaka 1631 aliirudia dini ya wazee wake, na Wareno wa Mombasa pamoja na wenyeji waliokuwa wamebatizwa wakauawa, waume kwa wake. Basi kila upande una kaburi la kulilia. Lakini dhuluma ya dola ni jambo moja, na itikadi ya mtu ni jambo jengine. Anayetaka kuujua Ukatoliki kwa matendo ya Mreno ni sawa na anayetaka kuujua Uislamu kwa matendo ya kila sultani.

Nasi twajua uchungu wa kusemewa. Mwaka 1923 Kasisi Godfrey Dale wa misheni ya Kiingereza ya Unguja, ambaye hakuwa Mkatoliki bali Mwanglikana, alitoa tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili pamoja na maelezo ya kuupinga Uislamu. Masheikh wetu waliona kwamba dini yao imeelezwa na mtu asiyekuwa na amana nayo. Hata leo wako watu wasemao kuwa Mwislamu huliabudu Jiwe Jeusi la Al-Kaaba kwa kuwa hulibusu. Jawabu yetu ni ile ya Sayyidna Umar, ambaye alilibusu huku akilitangazia kwamba ni jiwe tu, halina dhara wala nafuu, na kwamba asingelibusu lau hakumuona Mtume akifanya hivyo. Twataka jawabu hiyo isikilizwe. Basi twawezaje kumnyima mwengine haki hiyo hiyo ya kusikilizwa?

Msingi wa jambo hili ni kutenga vitu viwili, khabari na hukumu. Khabari ni kueleza mtu aamini nini; hukumu ni kusema kuwa imani hiyo ni haki au batili. Katika khabari, shahidi wa kwanza ni mwenye imani mwenyewe, pamoja na vitabu vyake. Katika hukumu, sisi tuna dalili zetu, wala hatuhitaji idhini ya mtu. Kosa la barazani ni kuichukua hukumu yetu na kuipa jina la khabari. Wanavyuoni wa usuli walikwisha kuliona kosa hili, wakaweka kanuni kwamba lazima ya madhehebu si madhehebu. Yaani, lile unaloliona wewe kuwa linatokana na kauli ya mtu, huwezi kulihesabu kuwa ni kauli yake mpaka alikubali.

Mfano wa jambo hili twaupata kwa Mtume (S.A.W.). Imepokewa na Tirmidhi kwamba Adiy bin Hatim, aliyekuwa Mnasara kabla ya kusilimu, aliisikia aya ya 31 ya Suratu Tawba kuhusu waliowafanya wanavyuoni na watawa wao kuwa ni miungu. Katika baadhi ya riwaya, Adiy alisema kwamba wao hawakuwa wakiwaabudu. Mtume hakumwambia kuwa amesema uwongo. Alimbainishia kwamba kuwafuata katika kuhalalisha na kuharimisha ndiko kuwaabudu. Tazameni adabu hii: khabari ya Adiy iliachwa kama alivyoitoa, na hukumu ikaja baada yake kwa hoja.

Sasa natutazame mambo ambayo husemwa sana mitaani mwetu.

La kwanza ni habari ya Bibi Maryam. Husemwa kwamba Utatu wa Wakatoliki ni Mungu, Maryam na Isa. Sivyo wasemavyo. Wao husema Mungu ni mmoja, naye ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu; Maryam kwao ni kiumbe. Nasi twaikataa kauli hiyo ya Utatu kama ilivyo, hatuna haja ya kuibadilisha ndipo tuikatae. Tena wengi hudhani kwamba fundisho lililotangazwa na Papa Pius wa Tisa mwaka 1854 lahusu Nabii Isa kuzaliwa bila baba. Hilo halikuwa na haja ya kutangazwa, kwani wao na sisi twaliamini. Fundisho lile lasema kwamba Maryam mwenyewe, tangu kutungwa mimba yake, alikingwa na dhambi ya asili. Sisi hatuikubali dhambi ya kurithi kwa mtu yeyote. Lakini twapokea katika Bukhari na Muslim kwamba kila mtoto huguswa na shetani anapozaliwa, isipokuwa Maryam na mwanawe. Hapo twatafautiana nao, lakini si katika kumheshimu mwanamke ambaye ndiye pekee aliyetajwa kwa jina lake katika Qurani.

Hwenda mtu akatuuliza: Je, aya ya 116 ya Suratul Maida haikutaja kufanywa Isa na mama yake kuwa miungu wawili? Twasema: Naam, imetaja, nayo ni haki. Lakini aya hiyo haikusema kwamba Maryam ni mmoja wa Utatu. Imetaja watu kuwafanya wawili hao kuwa miungu, na mtu aweza kukifanya kitu mungu kwa tendo huku ulimi wake ukikanusha. Wafasiri wakubwa kama Fakhruddin Razi waliijua pingamizi hii, wakaizungumza wala hawakuikimbia.

La pili ni masanamu. Husemwa kwamba Mkatoliki huliomba jiwe. Wao hutenga ibada, ambayo kwao ni ya Mungu peke yake, na heshima wanayowapa watakatifu. Mtaguso wao wa Nikea wa mwaka 787 ulisema kwamba heshima ipewayo picha humwendea yule aliyechorwa. Sisi twaona mlango huo ni wa hatari, nasi twaufunga. Lakini tuufunge kwa insafu, kwani hapa kwetu pia wako wanaokwenda ziara makaburini na kutawasali kwa mawalii. Sisi wa darsa hii tuna maneno na ndugu zetu hao juu ya mipaka ya jambo hilo. Hata hivyo, mtu akisema kwamba watu wa Amu wanaliabudu kaburi la Habib Swaleh, sisi ndio wa kwanza kumwambia kuwa amezua.

La tatu ni kitubio. Husemwa kwamba padri huuza maghofira. Itikadi yao ni kwamba anayesamehe ni Mungu, na padri ni njia tu. Na kwamba pasipo na majuto na nia ya kuacha dhambi hapana msamaha. Ama biashara ya rehema, ilikuwako kweli huko Ulaya, nayo ndiyo iliyomkasirisha Martin Luther mwaka 1517. Lakini Kanisa lenyewe liliipiga marufuku katika karne ile ile. Sisi twasema mja hahitaji njia baina yake na Mola wake katika toba. Hoja hiyo yatosha.

La nne ni Papa. Kutokosea wanakokudai, kulikotangazwa mwaka 1870, si kwamba Papa hana dhambi wala kwamba kila neno lake ni wahyi. Ni pale tu anapotoa kwa mamlaka yake yote fundisho la imani au maadili la kulishika Wakatoliki wote.

Mtu atasema: Tuna faida gani katika kuyajua haya? Faida ya kwanza ni ya hoja yetu wenyewe. Imamu Ghazali alieleza kwanza makusudio ya wanafalsafa katika kitabu mbali, ndipo akaandika kitabu cha kuwajibu. Ibn Taymiyya, ambaye hakuna amdhaniaye kuwa ni mlegevu, alipoletewa risala ya Manasara kutoka Cyprus alizinukuu kauli zao na kuzijibu moja moja. Kijana wetu aliyefundishwa kwamba Mkatoliki anamwabudu Maryam katika Utatu, akienda chuo kikuu akakutana na Mkatoliki aliyesoma, atashindwa katika dakika ya kwanza. Kisha atajiuliza: Ikiwa walimu wangu walikosea katika hili, katika jengine je?

Faida ya pili ni kubwa zaidi. Katika kaunti yetu ya Lamu twaishi na Wakristo, wakiwamo Wakatoliki, ambao wengi wao walipewa mashamba huko Mpeketoni tangu miaka ya 1970. Mwezi wa Juni 2014 watu wasiopungua 60 waliuawa huko na katika vijiji vya jirani, na kundi la Al-Shabaab likadai kuwa ndilo lililotenda. Hatusemi kwamba damu ile ilimwagwa kwa sababu ya maneno ya barazani. Ardhi na siasa zina sehemu yake. Twasema kwamba mtu aliyezoeshwa tangu utotoni kusikia uwongo juu ya jirani yake, moyo wake huwa mzito kumlilia, na ulimi wake huwa mzito kumtetea siku anapoonewa.

Basi nasaha yetu ni hii. Mwalimu wa chuo asiwafundishe watoto itikadi ya wengine ila kwa aliyoyathibitisha. Mwenye kusikia neno asilipeleke mbele mpaka alichunguze, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Hujurati. Na tukumbuke aya ya 8 ya Suratul Maida, ambayo imekataza chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu. Haikusema kwamba chuki hiyo lazima iwe haina sababu. Hata ikiwa na sababu, uadilifu wabaki pale pale. Dini ya haki haihitaji ushahidi wa uwongo, na anayeitolea ushahidi huo ameitia aibu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na atujaalie kuifuata, na atulinde na shari ya ndimi zetu. Wallahu aalam.