Malazi ya Msafiri

Katika mambo ambayo msafiri huyaamua kwa haraka, pengine hakuna linalopewa fikira chache kuliko mahali pa kulala. Huuliza bei, huuliza kama maji yapo na kama kitanda kina chandarua. Akiridhika hutoa fedha yake, na jambo limekwisha. Yamkini msomaji atasema kuwa hivyo ndivyo inavyopasa, kwa kuwa usingizi ni haja ya mwili, na haja ya mwili haina hukumu ya wema wala ya ubaya. Mimi pia niliamini hivyo mpaka miaka michache iliyopita, na aliyenitoa katika imani hiyo ni mama yangu mzazi, kwa maswali mawili tu.

Nilizaliwa Makwasinyi, kijiji kilicho chini ya mlima Kasigau, kusini ya Voi. Mlima huu hupita mita 1,600 kwenda juu, na msitu wa kileleni hunasa ukungu na kutupa maji katikati ya nchi kavu. Nyika inayotuzunguka ni ya Tsavo. Mbuga ya Taifa ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, kisha ikagawanywa kuwa Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Zote mbili pamoja hupita kilomita za mraba 20,000, na zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta. Watu hutoka nchi za mbali kuja kuwatazama ndovu wetu wekundu, ambao wekundu wao si rangi ya ngozi bali ni vumbi la ardhi hii. Wageni hao wamelipenda hata neno letu, wakaenda nalo kwao, lakini wamelipunguza. Kwetu safari ni mwendo wo wote wa mtu kutoka mahali kwenda mahali, uwe wa arusi au wa msiba. Kwao safari ni kwenda kutazama wanyama tu. Neno lililopunguzwa hivyo limewaacha watu nje.

Rafiki yangu mmoja, ambaye nilisoma naye katika chuo cha ualimu, anafundisha Mombasa. Aliniandikia kuwa angependa kuwaleta mkewe na watoto wake wawili kwa garimoshi hadi Voi, wakae siku tatu. “Ndugu yangu,” alisema, “wewe ndiwe mwenyeji wa huko. Nichagulie pa kulala.”

Pa kulala palikuwa pengi. Ndani ya mbuga ipo Voi Safari Lodge, iliyojengwa kilimani, ambapo mgeni hutazama chini akaona wanyama wakija kunywa maji. Upande wa vilima vya Taita ipo Salt Lick, iliyosimama juu ya nguzo kama ghala la nafaka, ili ndovu wapite chini ya macho ya wageni. Mjini Voi zipo nyumba za wageni za bei nafuu. Na katika vijiji vya chini ya Kasigau yalijengwa mabanda ya wageni, kwa nia ya kuwa fedha ya mgeni ibaki kijijini. Tena ilikuwapo nyumba yetu wenyewe, yenye chumba kitupu tangu dada yangu aolewe.

Nikamchagulia hoteli kubwa kwa siku zote tatu. Nilimwambia kuwa huko watoto wangeona wanyama vizuri, na hilo lilikuwa kweli. Lakini haikuwa ndiyo sababu. Sababu ilikuwa haya. Niliona haya ya choo chetu cha shimo, na ya ndoo ya kuogea, na ya giza linaloshuka juu ya kijiji baada ya magharibi. Nilikuwa mwalimu mwenye cheti na mshahara, na sikutaka mwalimu mwenzangu aone nilikotoka.

Siku ya mwisho walipita kwetu kwa muda wa kunywa chai. Mama alikuwa amechinja kuku, amefagia kile chumba kitupu na kutandika shuka mpya, maana hakuna aliyemwambia kuwa wageni hawalali. Walipokwisha kuondoka alinikalisha, akaniuliza, “Mwanangu, huko walikolala wageni wako, waliwaona ndovu wakinywa maji?”

“Ndiyo, mama. Waliwaona wengi.”

“Na ndovu hao wakisha kunywa,” akauliza, “huenda kula wapi?”

Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu lilikuwa nyuma ya nyumba. Siku nne kabla ya hapo ndovu walikuwa wameingia katika shamba lake usiku, na mahindi yaliyokuwa yakaribia kuvunwa yalikuwa yamelala chini kama mkeka.

Tangu siku ile nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Ndovu ni mmoja, lakini ana thamani mbili. Akisimama mbele ya baraza la hoteli yeye ni mali. Akisimama katika shamba la mama yangu yeye ni hasara. Anayeuza sura yake hupata fedha, na anayemlisha bila ya kupenda hupata njaa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imejaribu kusawazisha jambo hili: inaahidi fidia kwa mazao yaliyoharibiwa, na shilingi milioni 5 kwa jamaa ya mtu aliyeuawa na mnyama. Ni sheria njema. Lakini fidia hufuata msiba, wala haitangulii. Dai lazima liandikwe, lipelekwe mbele ya kamati, likaguliwe, na tumbo halijui kungoja kamati. Msafiri, kwa upande wake, ana fedha mkononi leo.

Tena watu wa Kasigau wanajua kuliko wengi maana ya kukosa malazi. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Kiingereza iliwatuhumu kuwa waliwasaidia Wadachi, ikawahamisha kwa nguvu mpaka Malindi. Wengi walikufa huko kwa maradhi na njaa, na waliosalia hawakurudi mlimani kwao ila baada ya miaka mingi. Wajukuu wa watu hao, wakimtandikia mgeni shuka, hawafanyi biashara tu. Hutoa kitu ambacho wazee wao walinyimwa.

Lakini ni lazima niwe mwadilifu, nisije nikatengeneza kosa la pili kwa kulikimbia la kwanza. Hoteli kubwa si adui. Vijana wa vijiji vyetu wamo humo wakipika, wakiendesha magari na kuwaongoza wageni, na mishahara yao hulipa karo za wadogo zao. Ada ya mlangoni husaidia kuwalinda ndovu na majangili. Bila ya wageni hao mbuga isingedumu. Kadhalika umaskini peke yake si wema. Mwenyeji anayempa mgeni kitanda kichafu, kisha akamtaka alipe kwa kuwa amemhurumia, amemdhulumu mgeni, na amejidhulumu nafsi yake kwa kujigeuza mwombaji. Na mtu aliyefuatana na mzee mgonjwa ana haki ya kutafuta raha bila ya kulaumiwa.

Basi msafiri ana wajibu gani? Nionavyo mimi, hana wajibu wa kuteseka, wala wa kugawa sadaka. Wajibu wake ni kuuliza. Pamoja na bei na chandarua, aulize: fedha yangu itapita katika mikono ya nani? Maji nitakayooga yametoka wapi, na nani atayakosa? Na nani analipa gharama ya kile nilichokuja kukitazama? Akisha kuuliza hivyo, anaweza kugawa siku zake: mbili ziwe za hoteli na moja ya kijiji, au kinyume chake. Asiyeuliza amechagua vile vile, ila amechagua akiwa amefumba macho.

Wazee walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Hawakusema mwenyeji yupi, kwa sababu zamani mwenyeji alikuwa mmoja tu: yule mwenye nyumba na shamba. Siku hizi wenyeji ni wengi, na mgeni huponya yule anayemwendea. Walisema pia, “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.” Wengi huifanya methali hii kuwa onyo kwa mgeni mvivu. Mimi naona kuwa ina heshima ndani yake, kwa maana asiyepewa jembe hubaki kuwa mtazamaji, na aliyepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani.

Na mwenyeji naye ana wajibu wake, ambao mimi niliuvunja: asimfiche mgeni nyumba yake. Haya yangu ilimnyima rafiki yangu jambo alilolijia bila ya yeye mwenyewe kujua, na ilimnyima mama yangu wageni wake.

Mwaka uliofuata walikuja tena, na usiku mmoja walilala kwetu. Kabla ya alfajiri tulisikia madebe yakipigwa na watu wakipiga kelele upande wa mashamba. Kulipokucha, yule mtoto mdogo hakuuliza ndovu walikuwa wangapi, wala wakubwa kiasi gani. Alikwenda jikoni kwa mama yangu, akamwuliza, “Nyanya, mahindi yako yamebaki?”

Yalikuwa yamebaki. Kitanda kilikuwa kifupi kwa baba yake, na maji ya kuoga yalikuwa ya baridi. Nilimtaka radhi rafiki yangu kwa ajili ya kitanda.