Hodi Kabla ya Karibu

Yule mwanasheria wa sura ya 10 ya Injili ya Luka, alipouliza jirani yangu ni nani, alitaka achorewe mpaka: wajibu wangu unaishia wapi? Jibu alilopewa na Yesu lilikataa kupima umbali. Kuhani, Mlawi na Msamaria walipita njia moja na wote walimwona majeruhi. Wawili wa kwanza walikuwa karibu naye, wakampita, na hawakuwa jirani zake. Basi kati ya ukaribu na ujirani kuna kitu cha tatu, na swali la mwanasheria haliwezi kujibiwa mpaka tukijue kitu hicho. Nadhani tunaweza kukiona wazi zaidi kwenye jambo ambalo vijana wa Kate, Chala na Namanyere huku Ufipa wamelizoea: kurushiana wimbo kwa Bluetooth, bila bando na bila kutegemea mnara wowote.

Katika miaka ya 1990 vyombo vilivyo karibu vilisemezana kwa mwanga usioonekana. Kiwango chake kilisimamiwa na umoja wa IrDA ulioundwa mwaka 1993. Simu mbili zilielekezwa uso kwa uso na kutulizwa. Mkono ukipita katikati, mazungumzo yalikatika. Mwaka 1994 wahandisi wa Ericsson mjini Lund, Sweden, wakaanza kutafuta njia ya redio, na Mei 1998 kampuni 5 (Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba) zikaungana kulinda kiwango kimoja. Walikiita Bluetooth, tafsiri ya Kiingereza ya jina la Harald Blåtand, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 anayekumbukwa kwa kuunganisha nchi yake. Redio hiyo hurukaruka kati ya vijia 79, mara 1,600 kila sekunde, kwa mpangilio ambao pande zote mbili zinaujua. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Simu mbili zinaweza kugusana juu ya meza moja, zikavuta hewa ileile na mawimbi yaleyale, na kila moja ikawa kelele kwa mwenzake. Kukaa karibu kunazipa nafasi tu. Kinachozifanya zisikilizane ni mapatano yaliyotangulia, ambayo si mali ya upande mmoja.

Ufipa haikuhitaji redio ili kulijua hili. Masimulizi ya Milansi, ufalme wa kale wa Wafipa, ambayo mwanaanthropolojia Roy Willis aliyachambua katika kitabu chake cha mwaka 1981, yanasema wageni wanawake wa ukoo wa Twa walifika mtawala mwenyeji akiwa mawindoni. Jambo lile lingeweza kuishia kwenye damu. Liliishia kwenye makubaliano: wageni wakashika utawala, na mtawala wa Milansi akabaki na heshima ya mzee wa nchi na ibada zake. Wasemaji wengi wa Kiswahili, Wakristo kwa Waislamu, wana kanuni ya namna hii mlangoni. Sura ya An-Nur katika Kurani inaagiza kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba isiyo yako, nasi tunapiga hodi tukangoja karibu. Toleo la Bluetooth la mwaka 2007 lilifika palepale: namba yenye tarakimu 6 inatokea kwenye vioo vyote viwili, na kila mwenye simu anathibitisha kuwa ndiyo ileile. Kabla ya hapo nywila ilikuwa mara nyingi 0000, mlango wa kurudishia tu. Mwaka 2004 kirusi kilichoitwa Cabir kilikuwa tayari kimezunguka kwa kubisha kwenye simu zilizoachwa wazi.

Mtu atasema kampuni zile zilitafuta faida, na mkataba wa wafanyabiashara haufundishi maadili. Faida ilikuwepo, sikatai. Lakini nia iliyozaa ahadi ni jambo moja, na yale ambayo ahadi inamdai mtu baadaye ni jambo lingine. Ndoa nyingi za zamani zilipangwa kwa ajili ya mashamba, na bado kiapo kilibaki kiapo.

Pingamizi zito ni jingine, na linatoka kwenye mfano uleule wa Luka. Majeruhi alikuwa nusu mfu. Hakupiga hodi, hakuthibitisha namba. Kama ujirani ni mapatano, Msamaria alipatana na nani? Jibu la haraka kwamba huruma haihitaji mapatano halinitoshi, kwa sababu linaiacha huruma iwe hisia ya kupita, nayo hisia haimfikishi mtu asubuhi. Tazama kilichotokea mwaka 2010, Bluetooth ilipopata aina inayotumia umeme kidogo, iliyokusudiwa vyombo vidogo kama kipima mapigo ya moyo chenye betri ya ukubwa wa kifungo. Chombo kama hicho hakina nguvu za kusikiliza muda wote. Kwa hiyo kiwango hakikugawa mzigo sawasawa: kidogo kinatoa ishara fupi kisha kinalala, na simu, iliyo na betri kubwa, ndiyo inayobeba kazi ya kusikiliza na kutafuta. Mapatano ya haki, basi, si lazima yadai kiasi kilekile kutoka kila upande. Yanaweza kumwekea mwenye nguvu wajibu wa kuanza, na kuhesabu mlio hafifu wa mnyonge kuwa hodi kamili.

Ndivyo alivyofanya Msamaria, na Luka hakuishia barabarani. Asubuhi yake mtu huyu alikuwa na safari. Ukaribu wake na majeruhi ulikuwa unakwisha. Akatoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni, akamwambia amtunze yule mtu, na chochote kitakachozidi atamlipa atakaporudi.