Baada ya Mhubiri Kuondoka

Soma kwa ajili ya somo hili: Lk 4:18, Mdo 14:19–23, Mdo 15:36, 1 The 3:1–8.

Jumatatu, tarehe 2 Aprili 1739, saa kumi jioni, John Wesley alisimama mahali pa kufyatulia matofali pembeni mwa mji wa Bristol, Uingereza, akawahubiria watu wapatao 3,000. Fungu lake lilikuwa Luka 4:18, habari njema kwa maskini. Alikuwa na umri wa miaka 35, kasisi wa Kianglikana, msomi wa Oxford, mtu aliyependa kila jambo lifanyike kwa utaratibu. Siku moja tu kabla ya hapo alikuwa amemwona rafiki yake George Whitefield akihubiri uwanjani, naye alishtuka. Maisha yake yote alikuwa amefikiri kwamba kuziongoa roho nje ya jengo la kanisa ni kama dhambi.

Lakini wachimba makaa ya mawe wa Kingswood, karibu na Bristol, hawakuwa na kanisa, wala hakuna aliyewangoja katika makanisa ya mjini. Whitefield alikuwa ameanza kuwahubiria Februari mwaka huo, akaona machozi yakichora michirizi myeupe kwenye nyuso zilizojaa vumbi jeusi la makaa. Sasa alikuwa akijiandaa kusafiri kwenda Amerika, na watu wale walihitaji mtu wa kuwahubiria. Wesley akakubali.

Miezi kumi tu ilikuwa imepita tangu jioni ya tarehe 24 Mei 1738, huko London, aliposikia maneno ya Martin Luther juu ya waraka kwa Warumi yakisomwa katika mkutano mdogo, na kwa mara ya kwanza akaona moyoni kwamba anamtegemea Kristo peke yake kwa wokovu wake. Alipoanza kuhubiri hilo, makanisa mengi yalimfungia mlango. Basi barabara ikawa kanisa lake. Kwa zaidi ya miaka 50 alisafiri, kwa sehemu kubwa juu ya farasi, hatamu zimelegezwa na kitabu kikiwa mkononi. Alihubiri saa kumi na moja alfajiri ili vibarua wasikie Neno kabla ya kwenda kazini. Juni 1742 alifika Epworth, kijiji alikozaliwa, akanyimwa mimbara ambayo baba yake aliihudumia miaka mingi; jioni ile akasimama juu ya kaburi la baba yake nje ya kanisa, akahubiri, na watu wakaja jioni baada ya jioni. Huko Wednesbury, Oktoba 1743, kundi la wenye ghasia lilimburuta kwa saa kadhaa, na akapona.

Habari za namna hii husimuliwa sana kila makambi yanapokaribia. Sehemu inayofuata husimuliwa mara chache, nayo ndiyo yenye uzito, kwa kuwa inahusu siku ambayo jukwaa limekwisha bomolewa na vipaza sauti vimerudishwa kwa mwenyewe.

Soma Matendo 14:19–23. Paulo alipigwa mawe Listra, akaburutwa nje ya mji, akadhaniwa amekufa. Alipomaliza kazi Derbe, njia ya kwenda Tarso, kwao, ilikuwa mbele yake upande wa mashariki. Je, aligeukia wapi, na kwa ajili ya nini? Angalia pia jambo alilomwambia Barnaba katika Mdo 15:36. Huo haukuwa mpango wa kufungua miji mipya.

Wesley alijifunza jambo hilo kwa njia ya deni. Waumini wa Bristol walikuwa wamejenga nyumba ya mikutano, na deni lake lilikuwa linawalemea. Tarehe 15 Februari 1742 walikutana kushauriana. Mmoja wao, nahodha wa meli, akapendekeza kila mshiriki atoe peni moja kwa juma. Mwingine akajibu kwamba wengi hawana hata hiyo peni. Nahodha akasema: nipeni mimi watu kumi na mmoja walio maskini kuliko wote, nitampitia kila mmoja kila juma, na asiyekuwa nacho nitamlipia. Wengine wakakubali kufanya vivyo hivyo, na washiriki wakagawanywa katika madarasa ya watu wapatao kumi na wawili.

Waliokwenda kukusanya peni walirudi na habari nyingine. Huyu amemkuta fulani anagombana na mkewe, yule amemkuta mwingine amelewa. Wesley akaona palepale kwamba hicho ndicho alichokuwa akikosa. Alikuwa akiwaona watu wake wakilia chini ya mahubiri. Hakuwa ameona wanavyoishi siku ya Jumatano. Baadaye, kwa kuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba kulichukua muda mwingi, na wengi walikuwa watumishi ambao mabwana zao hawakutaka wageni, madarasa yakaanza kukutana mahali pamoja mara moja kwa juma. Kila mtu aliulizwa hali ya roho yake. Viongozi wengi walikuwa wanawake, na wengine mafundi na wafanyakazi wa kawaida. Kila robo mwaka mshiriki mwenye mwenendo mwema alipewa tikiti mpya.

Asidhani mtu kwamba uamsho ule ulikuwa wa machozi matupu. Machi 1743, huko Newcastle, Wesley alipitia orodha ya washiriki mmoja mmoja, akaandika kwamba 64 walikuwa wameondolewa: 17 kwa ulevi, 2 kwa kuuza pombe kali, 3 kwa uongo wa makusudi, 1 kwa kumpiga mke wake, na kundi kubwa kuliko yote, 29, kwa uzembe na kutojali mambo ya Mungu. Ni orodha kali, na huenda baadhi yao wangeweza kurudishwa kwa upole. Hata hivyo, mtu hawezi kuandika orodha kama hiyo bila kuwajua watu wake.

Wapo waliokuwa wakianguka chini na kupiga kelele katika mikutano ya Bristol, na hadi leo wako wanaoupima uamsho kwa mambo hayo. Wesley alikuwa mwangalifu. Aliuliza mtu yule anaishije sasa: mlevi ameacha pombe? Mwizi ameacha wizi?

Agosti 1763 alipita Pembrokeshire, huko Wales. Kwa muda wa miaka 20 eneo lile lilikuwa limehubiriwa sana, lakini madarasa hayakuundwa wala hapakuwa na malezi. Aliyoyaona yalimhuzunisha: kwa makadirio yake, kati ya kila watu kumi waliowahi kuamshwa, tisa walikuwa wamelala usingizi mzito kuliko ule wa kwanza. Tayari mwaka 1743 alikuwa ameazimia asiguse mahali ambapo hawezi kufuatilia. Na Whitefield, ambaye kwa sauti na ufasaha alimpita Wesley mbali, inasimuliwa kwamba baadaye alikubali kuwa mwenzake alitenda kwa hekima, na watu wake yeye walikuwa kama kamba iliyosokotwa kwa mchanga.

Wesley alipofariki tarehe 2 Machi 1791, katika visiwa vya Uingereza pekee kulikuwa na washiriki zaidi ya 70,000.

Miaka hamsini baadaye, huko Portland, Maine, binti mmoja wa familia ya Kimethodisti alisimama katika mkutano wa darasa kama huo, akashuhudia furaha aliyoipata katika tumaini la kuja kwa Yesu upesi. Hakupokelewa vizuri. Mwaka 1843 yeye, akiwa na miaka 15, pamoja na wazazi wake waliondolewa katika kanisa lile. Jina lake lilikuwa Ellen Harmon, ambaye baadaye aliitwa Ellen White. Darasa lililoundwa ili mshiriki asipotee lilikuwa limegeuka mahali pa kumnyamazisha. Viongozi wa madarasa wafikiri juu ya hilo pia.

Soma 1 Wathesalonike 3:1–8. Paulo hakuweza kuvumilia kukaa bila habari za waongofu wake, akamtuma Timotheo, akakubali kubaki peke yake Athene. Ni nini hasa alichotaka kujua?

Kabla ya kufunga kipindi, darasa lifungue daftari la mahudhurio na kusoma majina ya waliobatizwa katika mahubiri ya hadhara ya mwisho. Ni nani kati yao hayupo leo? Nyumbani kwake ni wapi, na nani atakwenda huko kabla ya Jumatano?